Chasisi Ilikatika, Nyonga Ikaunga

Namshukuru Mola aliyeniruhusu tena kuweka paji la uso chini.

Miaka ya tisini nilikuwa dereva, nikibeba ngamia kutoka Wajir hadi soko la Garissa. Nilikuwa mzima. Gunia la sukari nililibeba peke yangu. Barabara ilikuwa mashimo na mchanga, na chasisi ya lori, yale mapau mawili marefu yanayobeba kila kitu, ikapata ufa. Mwenye lori, binamu yangu Jelle, akachomelea bamba nene la chuma.

“Maalim, sasa haipindi tena,” akaniambia nilipoonyesha wasiwasi. “Woga ubaki nao wewe.”

Ngamia husafiri wamepigishwa magoti, miguu imefungwa kamba. Tulipopita Habaswein, tukishuka kwenye mto mkavu, kamba ya dume mmoja ikalegea. Akasimama, uzito ukaenda upande mmoja. Chasisi ikakatika, si penye ufa wa zamani, bali pale bamba lilipoishia. Lori likalala ubavu, usukani ukanibana. Nilisikia nyonga ikivunjika kama kuni kavu. Nikajikojolea.

Hospitalini nililala chali miezi kadhaa, mguu umening'inizwa mawe ya kuuvuta. Mgongo ukatoka vidonda vilivyonuka. Nilichoka, ndugu zangu, hata dua ilikuwa mzigo. Nilisali kwa kuashiria kwa kichwa. Ulemavu sikuuogopa. Niliogopa kufa bila kusujudu tena.

Jelle alikuja kunijulia hali. “Safari hii tutaweka bamba nene zaidi.”

“Anza na kichwa chako,” mke wangu Halima akamjibu.

Daktari aliniambia, “Mzee, mfupa umeunga. Usiulazimishe, lakini usiuache ukakakamaa.”

Nyumbani, nje ya sala, Halima aliweka mto juu ya kiti, nami nikajizoeza kuinama hadi niuguse. Maumivu yalipopungua akaushusha kwenye kreti ya soda, baadaye kwenye mkeka. Mara nyingi nililia, naye akanigeuzia mgongo nisione haya.

Madereva huniuliza kama chasisi inahimili barabara zetu. Inahimili, ikiachwa ijipinde kidogo na dereva akiwa na subira. Anayeikaza isipinde kabisa, anaikata. Nawe mgonjwa, inama unapoweza leo, hata kama ni kitini tu.

Alasiri moja, katika sala, paji langu likagusa mkeka. Nilikaa pale muda mrefu. Nilipotoa salamu, Halima alikuwa amesimama mlangoni.

“Umekwama?”

“La,” nikamwambia. “Nimefika.”