Siku Niliyodai Zamu Yangu ya Mutuweli

Asubuhi ile nilivaa kitenge changu cha kwendea harusi, nikajipaka mafuta mpaka shingo ikang'aa, nikatoka mbio kwenda kanisani, pale Luberizi. Haikuwa Jumapili. Ulikuwa mkutano wa mutuweli, chama cha matibabu tulichoingia kwa kutoa mpunga baada ya mavuno, nami nilikuwa na hakika kwamba siku hiyo ningekula zamu yangu. Cherehani nilikuwa nimeshaichagua sokoni. Hata muuzaji nilimwambia asimpe mtu mwingine.

Msinicheke. Likelemba niliikuta tangu nazaliwa: wanawake wanachanga pesa, mmoja anabeba zote, kesho mwingine, mpaka kila mtu amekula. Ukiniambia nitoe gunia, mimi nauliza tu zamu yangu lini. Tena ilikuwa miaka ya uasi, mpunga ukiuweka nyumbani wenye bunduki wanaujua mlango. Nilikuwa kijana, navuna mashamba ya watu na kulipwa mpunga huo huo, na gunia lile lilikuwa jasho langu la msimu mzima. Nyanya yangu alinitania tu. Wakati wa Uhuru, alisema, waliahidiwa dawa za bure, na yeye bado anazingoja.

Muuguzi wa kituo cha afya, aliyeongoza mkutano, alipouliza kama kuna swali, nilikuwa nimeshasimama.

"Zamu yangu iko lini?"

"Weye iko mugonjwa?"

"Hapana! Minye niko muzima kabisa."

"Basi hauna zamu, dada. Huku anakula mwenye kugonjwa."

Watu walivunjika mbavu. Masikio yaliniwaka. Yaani mimi ningoje malaria ndipo nifaidi jasho langu? Muuguzi akaeleza tena: tunatoa tukiwa wazima, maana ukishalala kitandani hakuna wa kukuandikisha, nyumba nzima inaandikwa, si yule anayekohoa peke yake, tunaanzia kituo cha afya, na hospitali tunakwenda tu kituo kikitutuma, mgonjwa analipa sehemu ndogo, chama kinalipa iliyobaki. Nilimsikia, lakini kwa hasira.

"Sasa nani amekula mupunga yangu?"

Nyuma kabisa akasimama mwanamume mwenye fimbo. Nilimjua mara moja. Alikuwa mmoja wa wafugaji wa milimani wanaoshuka bondeni na ng'ombe wakati wa kiangazi. Ng'ombe wake waliwahi kuingia shambani kwetu kabla hatujavuna, na siku ile nilimtukana mkewe mbele ya watu.

"Ni bibi yangu," akasema. "Walimupasua juzi, mutoto akatoka. Hospitali inangoja mutuweli ilipe, ndipo wamuachilie."

"Ng'ombe zako zilikula mupunga yangu shambani, sasa bibi yako anaimalizia hospitali? Munirudishie gunia yangu!"

Vijana wenzangu, wavunaji kama mimi, wakapaza sauti kwamba na wao warudishiwe. Magunia yetu yakitoka, hakuna cha kumlipia yule mama, na kila mtu mle ndani alilijua hilo.

"Iko haki yako, dada," mfugaji akasema. "Lakini kuya kwanza umuone."

Nilikwenda, kwa ubishi tu. Mlangoni mwa wodi ya wazazi nilimkuta mwanamke anafua mashuka ya hospitali. Alikuwa amepona zamani, mtoto wake amekwisha kujua kukaa, lakini hakuwa na cha kulipa, kwa hiyo hawakumruhusu kutoka.

"Weye iko na mutuweli?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo. Akanitazama, akarudia mashuka yake.

Mke wa mfugaji aliponiona alimvuta mtoto kifuani. Alidhani nimekuja kumtukana tena. Ndipo mtoto akalia, na sauti gani hiyo! Ah, furaha ile sijui ilitoka wapi. Gunia langu lilikuwa linalia! Nilicheka kama mwehu, nikaomba nimbebe, na mama yake, baada ya kunipima kwa macho, akanipa. Mtoto alikuwa mzito, ana joto, amekunja ngumi.

"Huyu ni mupunga yangu," nikamwambia. "Umuchunge muzuri."

Akacheka, huku ameshika mshono.

Nilirudi kanisani mbio, viatu mkononi, nikawakuta bado wanabishana.

"Gunia yangu ibakie!"

"Na cherehani?" wenzangu wakauliza.

"Itangoja!"

Haikungoja, iliuzwa wiki hiyo hiyo. Wenzangu wawili walichukua magunia yao wakaenda, hatukuwashika. Yaliyobaki yalitosha.

Siku mama yule alipotoka, nilikwenda kumsindikiza. Mwanamke wa mashuka alimbebea mfuko mpaka kwenye geti la hospitali. Hapo akasimama, akatukabidhi mfuko, akarudi ndani.

Kila mavuno natoa gunia langu. Zamu yangu sijaila mpaka leo, na namwomba Mungu nisiile.