Bosi aliyepiga marufuku Mbeya kusalimiana na Iringa

Kriii! Kriii!

Wakuu, kazi yangu ya kwanza niliisikia kabla sijaiona. Miaka ya sabini, Mbeya, nimesimama nje ya chumba cha swichibodi ya simu, natetemeka kwa baridi. Ndani mwanamke akaimba salamu ya watu wa Iringa: "Kamwene, Iringa!"

Nasimulia kama ilivyokuwa. Chumvi mtatia wenyewe.

Huyo alikuwa dada Tumpe, opereta mwenzangu, mama wa watoto watatu, wote akiwalea kwa mshahara ule mmoja. Kila asubuhi yeye na opereta wa Iringa walijulishana: mimi fulani, niko zamu, laini hii nzima, ile inakwaruza. Tumpe akaandika ubaoni kwa chaki. Jirani, yaani kituo cha mji wa pili, asiposikika tunamfuta ubaoni, na simu za kwenda kwake hatupokei.

Vijana wa IT, switch zenu leo zinafanya hayo hayo, mnaita protocol. Sisi tuliita salamu.

Bosi wetu, mtu wa suti nzito, akaita umbea.

"Tumpe, nikisikia tena hiyo Kamwene, utarudi Tukuyu kuchuma chai!"

Tumpe akaacha kusalimia. Iringa haikutusikia, ikatufuta. Nasi tukaifuta.

Nguzo zilikuwa palepale, waya ukiimba kwa upepo juu ya milima. Ila kwa ubao wetu, dunia iliishia Mwanjelwa, hapo hapo mjini kwetu.

Wateja wakapanga foleni. "Iringa hakuna," tukawajibu.

Mzee mmoja akashangaa: "Imehamia wapi?"

Sasa, Iringa ndiyo iliyokuwa ikitutonya mkaguzi wa simu kutoka makao makuu akiwa njiani. Safari hii alipita Iringa na Land Rover yake, hakuna aliyetunong'oneza. Akamkuta bosi miguu imo kwenye karai la maji ya moto.

"Iringa iko wapi?" akauliza mkaguzi, macho ubaoni.

"Nimekomesha umbea, mzee."

Mkaguzi akachomeka waya mwenyewe. Sauti ikaruka: "Mbeya! Jamani, si mlikufa?"

Akamgeukia Tumpe. "Habari hizi za laini, wateja nao unawapa?"

"Hapana, baba. Jirani tu."

"Basi msalimie. Na wewe bwana, kasubiri barua nyumbani."

Nilichojifunza: jirani mjulishe kwamba uko hai, mpita njia usimwonyeshe ufunguo ulipo. Wataalamu wa network nisahihisheni, na wenye mabosi wa namna hii leteni visa vyenu, majina muyafiche.

Bosi alivaa viatu bila soksi, akabeba karai lake. Tumpe hakungoja afike nje.

"Kamweneee, Iringa!"

Mlango ukajifunga nyuma ya bosi, taratibu, kama nao unasikiliza.