Barua ya Udereva kwa Mchapaji

Juzi nilikuwa nasubiri zamu yangu kwa mchapaji hapa Songea. Mbele yangu baba mmoja wa Ruhuwiko alikuwa anachapiwa, kwa Kiingereza, barua ya kuomba udereva kwenye kampuni mpya ya malori.

Mchapaji akainua vidole kutoka kwenye mashine. “Mzee, tangazo ulilisikia ‘in the radio’ au ‘on the radio’?”

“Nililisikia nyumbani.”

Walibishana mpaka posta ikakaribia kufungwa. Nikauliza tangazo lilisomwa kwa lugha gani.

“Kiswahili. Na walisema tuandike Kiswahili.”

“Sasa Kiingereza cha nini?”

Akanitazama kwa huruma. “Ndugu yangu, barua ya kazi kwa Kiswahili, si wataona naomba ruhusa ya msiba?”

Nikaitazama barua yangu ya kuomba umeme, ya Kiswahili, nikairudisha mfukoni.