Farasi Aliyedhani Yuko Arusini

Si upepo, mwanangu. Leso haikupeperushwa na upepo, na anayekuambia hivyo ananisitiri tu. Ilinivuka yenyewe, mchana kweupe, pwani ya Shanzu, nikabaki na shumizi mbele ya wazungu na wauza vinyago, tena nilikuwa nakimbia. Mimi! Na farasi nyuma yangu.

Basi mjukuu wangu Salimu ana farasi, Johari, anapandisha wageni pale ufuoni, na Jumamosi humkodisha kubeba mabwana arusi huku Kisauni. Sasa akataka kumtia mashindanoni, wenye mashindano wakamwambia la, mpaka daktari wa farasi aje ampime mwendo, maana wamesikia anachechemea (fitina, wallahi, jirani naye ana farasi). Daktari akaja, msichana wa bara, mwembamba, mie aniita shosho, ndiyo bibi kwao, akambandika Johari vidude miguuni, akashika kompyuta yake. "Akimbie moja kwa moja mpaka kwa ile bendera. Nataka kuona urefu wa hatua, na kama miguu inalingana."

Johari akatoka, Salimu ubavuni ameshika kamba. Lo! Mguu wa nyuma unakanyaga palepale alipoutoa wa mbele, hata mie nisiyejua a wala be nikaona huu ndio mwendo. Furaha ikanipanda, nikapiga kigelegele. Kimoja tu!

Kumbe nimemharibu. Yule akisikia kigelegele ajua yuko arusini: akainua shingo, akaanza vijihatua vya maringo, tuk tuk tuk, kama ana bwana arusi mgongoni, kisha akasimama tuli.

Daktari, kwa kile kisauti chake cha puani: "Hatua zimekuwa fupi. Nikipeleka hii, huyu haingii."

Salimu, karibu alie: "Bibi, umeniua! Si wajua arusini haendi mpaka wanawake watangulie?"

Najua sana. Nikatangulia. Nikacheza polepole, naye polepole, tuk tuk, daktari anatikisa kichwa. Nikasema potelea mbali, nikakaza leso, nikatimua mbio huku napiga vigelegele, na Johari, akiogopa arusi itamwacha, akanyoosha miguu nyuma yangu, hatua ndeeefu, Salimu aning'inia kwenye kamba, wauza vinyago wakaitikia, mzungu mmoja apiga makofi, leso ikaanguka, nikasema ikae hukohuko, siokoti kitu leo! Tukaifikia bendera, mie na yeye.

Tangu siku hiyo nimeapa: mbele ya farasi yule hata chafya naomba ruhusa. Lakini pale nilisimama na shumizi langu kama malkia, Salimu anifunika kwa shati lake, ufuo mzima wangoja. Daktari akaangalia kompyuta, akaniangalia mie, akaangalia tena kompyuta.

"Farasi ni mzima," akasema. "Anayechechemea ni shosho."