Sikio la Fundi

Fundi wa pikipiki wa Doornfontein, Johannesburg, hapimi injini kwa mashine. Huegemeza ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Na waendeshaji, waliokuwa wakitaniana kwamba ya mwenzao Hénock si pikipiki bali mashine ya kusagia mahindi, hunyamaza kama wako kanisani. Akifumbua macho, ugonjwa ameshautaja. Jumapili hii Ignace, mmoja wao, alimletea yake ikigonga vibaya, hata mama anayekaanga maandazi ya magwinya ng'ambo ya barabara akageuka. Fundi alisikiliza. Akahamisha bisibisi, akaikandamiza zaidi, akajaribu sikio la pili. Mwishowe akamtazama Ignace mdomoni, si machoni.

"Iko bien," akasema, kwa sauti kubwa mno. "Haina kitu."

Hakuna aliyecheka. Ignace akamwonyesha dole gumba, akapanda, akaondoka. Pikipiki ikasimama kwenye robot kusubiri taa ya kijani, ikigonga, mtaa mzima ukiitazama, na fundi yuko mlangoni pa gereji anampungia bisibisi, anatabasamu.