Soketi za Ghala la Mama Zuhura

Nakumbuka siku moja, mdogo wangu, nilipotoka tu chuoni nikapewa kuchora ramani yangu ya kwanza ya umeme. Lilikuwa ghala la Mama Zuhura, muuza dagaa na migebuka pale Kibirizi, aliyetaka taa na soketi za friza tatu. Kazi ndogo. Nikaikuza mwenyewe: unene wa waya niliukokotoa mara tano, mchoro nikaurudia mara nne. Ghalani sikwenda. Niliogopa mafundi wasije wakaniuliza nisilolijua, nikatumia tu vipimo vya mjenzi.

Asubuhi ya kutindua kuta ili kupitisha waya, fundi mkuu, Mzee Rajabu wa Ujiji, aliitandaza ramani yangu juu ya boksi la friza. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua macho.

"Hesabu zako safi, mwanangu. Mbona soketi ziko futi moja kutoka chini?"

"Ndiyo kawaida, mzee."

"Kawaida ya sebuleni. Mama Zuhura, hebu mwoneshe unavyoosha humu."

Mama Zuhura, miguu mitupu kama siku zote, akainua ndoo akayarusha maji ukutani kwa nguvu. Yalipiga usawa wa kiuno changu, yakateremka na magamba.

"Kila jioni hivi, mwana wanje, mwanangu," akasema. "Au ulitaka unikaange mimi kabla ya migebuka?"

Mafundi wakaangua kicheko. Mimi niliitazama miguu yake iliyolowa, na kicheko hakikunijia.

Mzee Rajabu hakunifokea. Alinipa penseli. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chora upya, hapahapa, huku unamuuliza mwenyewe."

Nikachora nimesimama. Soketi zikapanda hadi usawa wa kifua, kwenye ukuta usiomwagiwa maji, na vifuniko juu yake. Hata swichi ya taa ikahama, maana pale nilipoiweka Mama Zuhura hupanga magunia ya dagaa hadi darini.

Sina mvi, mdogo wangu, ila hili nalijua: zile hesabu za mara tano zilikuwa maficho yangu. Hesabu ni lazima, usiziache. Lakini nenda kwanza kwenye jengo. Uliza maji yanapita wapi, mlango unafungukia upande gani, nani anafanya nini humo na kwa mkono upi. Watakucheka kidogo. Kuuliza si ujinga, na aibu yake haifiki jioni.

Mungu akubariki mikono, na kila sakafu utakayoichorea umeme ikanyagwe kwa miguu mitupu, na aliyeikanyaga arudi kwake salama.