Kamera Niliyoisingizia Uzee

Nyuso za wateja wangu wa picha za pasipoti hapa Mtendeni zilianza kutoka na ukungu. Nikailaumu kamera yangu ya zamani, nikaamua kuuza mizinga yangu ya nyuki ninunue mpya. Nikafuatana na mnunuzi wa mizinga hadi Ng'ambo kwa Mwajuma, mpiga picha kijana ambaye kazi zake huniacha mdomo wazi, anishauri.

"Shikamoo babu. Hebu niione."

Akainusa lenzi, akaifuta taratibu kwa kitambaa laini, akanipiga picha. Kwa kamera ileile, kila kunyanzi la uso wangu lilionekana. Mimi sijawahi kutoa picha safi vile.

"Babu, huwa unawaonjesha watu asali kisha unashika kamera?"

Mnunuzi alicheka hadi akakaa chini.

"Ndiyo, mjukuu wangu," nikajibu. Kidole changu kilikuwa bado kinanata.